Uingereza, China, Angola au Mombasa: Uanzie Wapi Kuisoma Misukosuko ya Karne ya 17?

Mwaka 1644 Kaizari wa mwisho wa nasaba ya Ming kutawala Beijing alijinyonga huku waasi wakiingia mjini. Mwaka 1649 Waingereza walimkata kichwa mfalme wao hadharani. Mwaka 1650 Imam wa Oman aliwatoa Wareno Maskati. Katika miaka hiyo hiyo, Malkia Njinga, katika Angola ya leo, alikuwa vitani na Wareno wa Luanda, vita alivyovirithi na kuvibeba kwa zaidi ya miaka 30.

Anayetaka kuingia katika kipindi hiki kwa mara ya kwanza hukwama mlangoni. Awe mwalimu anayetafuta mada ya chama cha historia, mwanafunzi wa chuo anayesaka mada ya tasnifu, au mwandishi wa tamthilia anayetafuta mkasa, anaona milango minne na hajui aingie upi. Kuisoma yote kwa pamoja haifai. Utaishia kukusanya tarehe. Chagua mmoja, ukae nao, mingine itakuja.

Nitaipima kwa vigezo vinne. Cha kwanza ni mkasa wenyewe: unafuatika, au unapotea njiani? Cha pili ni kalamu: habari tunazosoma leo ziliandikwa na nani, na nani hakuandika? Cha tatu ni utamaduni: vita viliacha nini katika fikra, dini, sanaa na hata mavazi? Cha nne ni kazi inayomsubiri msomaji, yaani lugha, majina na uzito wa mambo yenyewe. Cha pili nakipa uzito kuliko vingine, kwa sababu ukichagua mkasa umechagua pia sauti za watu utakaoishi nao kwa miezi.

Mkasa wenyewe

Mkasa wa Uingereza ndio unaofuatika kwa urahisi zaidi. Charles I alitawala miaka 11 bila Bunge, kuanzia 1629 hadi 1640. Kilichomrudisha kwenye Bunge ni fedha: mwaka 1637 aliwalazimisha Waskoti kitabu kipya cha sala, wakakataa, wakashika silaha, naye hakuwa na hela ya jeshi. Bunge lilipokutana likaanza kudai haki zake. Oktoba 1641 Ireland ikaasi, na swali likawa jipya na la hatari: jeshi la kwenda kuuzima uasi huo litaamriwa na nani, mfalme au Bunge? Agosti 1642 mfalme alipandisha bendera ya vita mjini Nottingham. Juni 1645 jeshi lake likavunjwa Naseby. Januari 30, 1649, akauawa nje ya ukumbi wa Banqueting House, Whitehall. Ikafuata jamhuri, kisha utawala wa Oliver Cromwell, jemadari wa jeshi la Bunge, aliyefariki Septemba 1658, na Mei 1660 mwana wa mfalme aliyeuawa akarudi kukalia kiti. Ndani ya miaka 20 una chanzo, kilele na marejeo.

China haina mstari ulionyooka hivyo. Baridi kali, ukame, njaa, maradhi na kodi za vita viliidhoofisha dola iliyosimama tangu 1368. Li Zicheng, aliyewahi kufanya kazi katika posta ya serikali na kuipoteza serikali ilipobana matumizi, aliongoza waasi hadi Beijing Aprili 1644. Kaizari Chongzhen akajinyonga kwenye kilima kilicho nyuma ya kasri. Kaskazini mashariki, kwenye lango la Shanhaiguan katika Ukuta Mkuu, alikuwapo Jenerali Wu Sangui wa Ming na jeshi lake: mbele yake Wamanchu, watu wa nchi za nje ya ukuta huo, nyuma yake waasi walioteka mji mkuu. Akashikana na Wamanchu. Kuanzia hapo Beijing ikawa yao, chini ya Kaizari Shunzhi, mtoto wa miaka 6, huku mambo yakiendeshwa na baba yake mdogo, Dorgon. Wengi hudhani kisa kimeishia hapo. La. Kusini mapigano yaliendelea karibu miaka 40, mpaka Taiwan ilipoanguka mwaka 1683. Anayeichagua China lazima ajiwekee mpaka: labda 1644 na 1645 peke yake, ambayo ni kazi tosha.

Angola ni mkasa wa maisha ya mtu mmoja, na kwa hilo unashikika vizuri. Mwaka 1622 Njinga alikwenda Luanda kama balozi wa kaka yake, mtawala wa ufalme wa Ndongo, akabatizwa na kupewa jina la Ana de Sousa. Mwaka 1624 kaka yake alifariki, yeye akashika madaraka. Wareno hawakumtaka, mwaka 1626 wakamsimika Ngola Hari, mtu wao. Njinga akasogea mashariki na kuutwaa ufalme wa Matamba mwanzoni mwa miaka ya 1630. Waholanzi walipoiteka Luanda mwaka 1641, akafanya nao ushirika, na kwa miaka saba ilionekana Wareno wangeondoka kabisa. Agosti 1648 meli za Salvador de Sá zilifika kutoka Rio de Janeiro zikairudisha Luanda mikononi mwa Wareno. Ona jambo hilo: jeshi lililookoa koloni la Afrika lilitoka Brazil, maana mashamba ya miwa ya Brazil yasingeendelea bila watumwa wa Angola. Amani ilifikiwa mwaka 1656. Njinga alifariki Desemba 17, 1663, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, akiwa bado mtawala.

Lakini usiingie hapa ukitafuta shujaa asiye na doa. Njinga alipigana dhidi ya Wareno, na vilevile aliuza mateka. Alijiunga na Waimbangala, wapiganaji waliotisha vijiji vya watu wake mwenyewe. Ukitaka kumweka kwenye jukwaa, muweke mzima.

Mombasa ina kisa kifupi kikali na kisha kirefu cha polepole. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa Sultani wa Mombasa aliyeuawa mwaka 1614 baada ya kugombana na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India, akalelewa na watawa, akabatizwa Jerónimo, akaoa mke Mkristo, na alipokuwa mtu mzima akarudishwa kukalia kiti cha baba yake. Agosti 1631 aliingia ndani ya Fort Jesus, ngome ya Wareno mjini Mombasa, na watu wake, akamuua kapteni Mreno, akarejea katika Uislamu. Mwaka uliofuata manowari kutoka Goa zilikuja kuizingira ngome zikashindwa, lakini Yusuf naye hakukaa: alipakia mizinga, akaondoka baharini, akafa mwaka 1638 upande wa Bahari ya Shamu. Wareno wakarudi. Kisha ikaanza zamu ya Oman: Maskati mwaka 1650, shambulio dhidi ya Wareno wa Unguja mwaka 1652, na hatimaye mzingiro wa Fort Jesus wa miezi 33, Machi 1696 hadi Desemba 1698.

Nani alishika kalamu

Hapa ndipo milango minne inapotofautiana hasa.

Uingereza, udhibiti wa uchapishaji ulivunjika mwaka 1641, na vijitabu vikamwagika mitaani. Muuza vitabu wa London aitwaye George Thomason alijitwika kazi ya kuvikusanya, akafikisha karibu 22,000 kati ya 1640 na 1661. Leo vimo katika Maktaba ya Uingereza. Ndiyo maana unaweza kumsikia fundi, mhubiri wa barabarani, mwanamke anayepeleka malalamiko bungeni. Kilele chake kwangu ni mijadala ya Putney, Oktoba na Novemba 1647. Wanajeshi walioshinda vita walikaa kanisani na wakuu wao wakabishana nani awe na haki ya kupiga kura, na karani William Clarke akaandika. Kanali Thomas Rainsborough alisema kwamba aliye maskini kuliko wote Uingereza ana maisha yake ya kuishi kama aliye mkubwa kuliko wote. Maandishi hayo yalilala bila kuchapishwa hadi miaka ya 1890. Watu wa kawaida, wakibishana juu ya kura katikati ya karne ya 17, na maneno yao yamebaki: hilo ni nadra popote duniani.

Lakini vuka bahari uende Ireland, na kalamu inageuka. Mauaji ya Drogheda na Wexford ya mwaka 1649 tunayasoma zaidi kwa barua za Cromwell mwenyewe, aliyeyaona kuwa hukumu ya haki ya Mungu. Msomaji wa Uingereza asiyefika Ireland amesoma nusu.

China ina jambo la pekee: walioshindwa ndio walioandika sana. Wasomi wa Ming walipoteza nyumba, vyeo na jamaa, wakabaki na wino. Wang Xiuchu aliandika siku kwa siku jinsi alivyojificha na mkewe mjamzito na mtoto wao wakati mji wa Yangzhou ulipotekwa na Wamanchu Mei 1645. Idadi anayoitaja, wafu 800,000, wanahistoria wanaiona imezidi mno, lakini maelezo ya uoga, ya kuhama kutoka paa hadi kichaka, hayahitaji hesabu. Zhang Dai, aliyewahi kuishi maisha ya raha za sanaa na chai nzuri, aliandika kumbukumbu za ulimwengu uliopotea akiwa fukara. Wasiosikika ni wakulima waliomfuata Li Zicheng. Hao tunawajua kwa midomo ya waliowaogopa.

Angola, karibu kila ukurasa umeandikwa na Mzungu. Watawa Wakapuchini kutoka Italia, Antonio da Gaeta na Giovanni Antonio Cavazzi, walimjua Njinga uzeeni. Cavazzi alikuwapo alipofariki, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1687. Mwanajeshi Mreno António de Oliveira de Cadornega aliandika historia ya vita vile. Cavazzi humchukia na kumstaajabia Njinga ndani ya sentensi moja. Kile kisa mashuhuri, kwamba gavana hakumpa kiti naye akamketia mjakazi wake aliyeinama, kimetufikia kwa njia hiyo. Kuna dawa, ingawa ni chache: barua alizotuma Njinga kwa magavana na kwa kanisa zimebaki. Humo unamkuta akipimana na gavana, akidai dada yake Barbara arudishwe kutoka kwa Wareno kabla ya kukubali amani. Maelfu kwa maelfu waliopakiwa melini kama watumwa hawakuacha barua.

Mombasa inaniuma kuliko zote. Ushahidi wa uasi wa 1631 ulikusanywa na kanisa huko Goa, kwa lengo la kuwatangaza Wakristo waliouawa kuwa mashahidi wa dini. Juu ya lango la Fort Jesus liko jiwe la mwaka 1635 linalomsifu Francisco de Seixas de Cabreira kwa jinsi alivyowaadhibu watu wa pwani. Mwana Mwema, malkia wa Unguja aliyewaunga mkono Waomani mwaka 1652, tunamkuta ndani ya habari za Wareno kama adui wa kufukuzwa. Habari za Mombasa na Pate tulizonazo kwa kalamu za wenyeji zilikusanywa baadaye sana, na barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana, zilizohifadhiwa Goa, zinaanzia 1711. Yaani mwaka 1631 tunajua Mswahili alifanya nini, ila hatuna neno lake la siku ile. Anayechagua mlango huu afanye kazi kama mpelelezi: asome maneno ya adui akitafuta mtu aliyejificha nyuma yake.

Vita viligusa nini katika utamaduni

Uingereza, majumba ya michezo ya kuigiza yalifungwa Septemba 1642, na mwaka 1647 Bunge likapiga marufuku sikukuu ya Krismasi. Watu waligoma, kwingine wakapigana. Mwaka 1644 mshairi John Milton alitetea uhuru wa kuchapisha, na mwaka 1651 Thomas Hobbes akatoa hoja kinyume cha hali hiyo ya vurugu: kwamba bila mamlaka moja yenye nguvu, maisha ni vita vya kila mtu na kila mtu. Aprili 1649 Gerrard Winstanley na wenzake walianza kulima ardhi ya wote kwenye kilima cha St George's, Surrey, wakisema ardhi si mali ya mabwana. Walifukuzwa. Kama unapenda mabishano ya fikra, hakuna mlango ulio na utajiri huu.

China vita viliingia hadi kichwani. Mwaka 1645 Wamanchu waliamuru kila mwanamume anyoe sehemu ya mbele ya kichwa na kusuka nywele zilizobaki mkia mmoja mgongoni. Asiyenyoa, auawe. Miji iliyokuwa imekwisha kusalimu amri iliasi kwa ajili ya nywele. Jiangyin ulishikilia zaidi ya siku 80 kabla ya kutekwa na wakazi wake kuchinjwa. Wengine walikwepa amri kwa kuingia utawa wa Kibudha, maana mtawa hunyoa kichwa chote. Bada Shanren, mzawa wa ukoo wa kifalme wa Ming, alikuwa mmoja wao. Akachora ndege na samaki wakiwa peke yao katika karatasi tupu, wakitazama kwa jicho la mashaka. Na Huang Zongxi, aliyepigana na kushindwa, mwaka 1663 aliandika kwamba mfalme anayeifanya nchi kuwa mali yake binafsi ndiye balaa la nchi. Kwa sanaa ya maombolezo, China iko mbele ya wote.

Angola swali la utamaduni ni dini na utawala wa mwanamke. Njinga alibatizwa, akauacha Ukristo akaishi kwa sheria za kambi ya Waimbangala, kisha mwaka 1656 akarudi kanisani. Imani au siasa? Watawa walidai ni imani, Wareno walishuku ni siasa, na mimi nadhani mtu aliyetawala karibu miaka 40 hakuwa na anasa ya kuvitenga viwili hivyo. Kambi ile ya kijeshi, kilombo, jina lake lilivuka bahari na kuwa jina la makazi ya watumwa waliotoroka Brazil, na Palmares ndiyo iliyojulikana kuliko yote.

Pwani, mabaki ni machache: kuta za Fort Jesus zenye michoro ya meli iliyochorwa na askari Wareno waliokaa zamu, na Yusuf mwenyewe, ambaye ndani ya maisha yake dini mbili na majina mawili viligombana.

Kazi inayokusubiri

Kwa Uingereza, nyaraka nyingi ziko wazi mtandaoni kwa Kiingereza. Hatari ni kuzama. Kwa China, bila Kichina utategemea tafsiri, na majina yatakusumbua wiki za kwanza, hasa kwa kuwa Kaizari hutajwa kwa jina la enzi yake. Kwa Angola, Kireno kinasaidia sana, na jina la malkia utalikuta Njinga, Nzinga au Ginga. Kwa Mombasa maandishi ni machache kiasi cha kusomwa ndani ya miezi, na mahali penyewe panatembelewa: Fort Jesus ni makumbusho tangu miaka mingi.

Uzito wa moyo nao uhesabiwe. Yangzhou na Drogheda si za kumpa mwanafunzi mdogo bila maandalizi. Angola haina siku moja ya mauaji ya kuelezea. Ina miaka ya watu kuuzwa, na hiyo huchosha kwa namna nyingine.

Kwa hali yako

Ukiwa mwalimu wa sekondari mwenye vipindi vichache na wanafunzi wanaopenda mdahalo, Uingereza itakubeba: wagawe darasa watetee pande za Putney, na uwape Drogheda kipindi kinachofuata.

Ukiwa mwandishi wa tamthilia au hadithi, Mombasa ya 1631 ina umbo unalolihitaji, na ukimya wa vyanzo unakuachia nafasi halali ya kubuni, mradi useme wazi umebuni.

Ukiwa mshairi, mchoraji, au mtu aliyewahi kupoteza nchi au nyumba, nenda China, uanze na 1645.

Ukiwa mwanafunzi wa chuo unayetafuta mada ya utafiti, swali ni lugha. Mwenye Kireno aende Angola. Mwenye Kiarabu na Kireno achukue Pwani baada ya 1650, ambako kazi bado ni nyingi. Asiye na lugha hizo asione aibu kuchukua Uingereza. Ataijifunza kazi ya nyaraka vizuri.

Ukiwa unasoma kwa ajili ya kuelewa utumwa wa Atlantiki, hakuna mlango mwingine zaidi ya Angola. Waafrika 20 na ushei waliofikishwa Virginia mwaka 1619 walikuwa mateka kutoka huko, miaka mitano kabla Njinga hajatawala.

Na kama una nafasi ya mikasa miwili, weka Yusuf na Njinga pamoja. Wote walibatizwa na Wareno na kupewa majina yao, mmoja utotoni Goa, mwingine utu uzimani Luanda. Wote wakaugeuka Ukristo vitani. Yusuf aliiteka ngome ghafla lakini akakosa pa kusimama, akiwa kisiwani, mbele yake bahari yenye manowari za Goa. Njinga alipoteza visiwa vya mto Kwanza, akapoteza ndugu zake waliotekwa, lakini nyuma yake lilikuwapo bara la kurudia, na Matamba ya kujengea upya. Anza kwa kutandaza ramani mbili mezani.